Kidole Kilichomkataa Jirani

Mjukuu wangu alipewa majaribio kwenye ofisi moja ya vijana wa kompyuta, huko Kinondoni, juu ya duka la vitambaa. Makubaliano yalikuwa hivi: atengeneze kitu kinachotumiwa na watu wa kweli, siyo cha darasani, na mwisho wa majaribio wakikitazama wakaridhika, wanamchukua. Wasiporidhika anarudi Masasi kwa baba yake, akae dukani auze sabuni na vibiriti. Baba yake ni mwanangu wa kuzaa, na alishalisema hilo kwenye simu nami nikisikia.

"Mama, amekaa huko vya kutosha. Hiyo kompyuta haimlishi."

Mtoto ni wake. Lakini huyu binti nimemlea mie tangu ana meno mawili ya mbele, na nyumba yangu ya Pugu ina vyumba vitatu na watu wawili. Akiondoka nabaki na kuku.

Mie ni mpishi wa shughuli. Tuko wanawake watano. Tunapika harusi, maulidi, hitma, na Wakristo nao tunawapikia kipaimara na ubarikio. Tuna masufuria yetu makubwa, masinia, majiko ya chuma ya kuni, miiko mirefu. Asiyetaka mpishi anachukua vyombo peke yake. Zamani kazi hii tulikuwa tunaiendesha kwa mdomo na kwa simu, na simu yangu ilikuwaga haina adabu. Inaita mikono ikiwa na mafuta, inaita nikisali, inaita nikiwa chooni. Kuna Jumamosi sufuria moja niliwaahidi watu wawili, wakakutana mlangoni kwangu, na wote wawili walikuja na pikipiki ya kubebea mizigo.

Ndipo binti akasema atanitengenezea ukurasa, na huo ndio utakuwa mtihani wake wa ofisini. Mteja anaandika anachotaka na siku yake. Mie nafungua simu, naona maombi yote yamejipanga, jipya juu, la zamani chini. Kila ombi lina vitufe viwili, cha kijani kimeandikwa Tunapokea na cha kijivu kimeandikwa Hatuwezi. Nikibonyeza, mteja anapata jibu papo hapo na ombi linaondoka mbele yangu.

"Nimesoma mpaka darasa la nne," nikamwambia. "Kusoma naweza. Usiniletee Kiingereza humo."

"Yote Kiswahili, bibi."

"Na herufi ziwe kubwa."

"Zitakuwa kubwa mpaka kuku wasome. Mke mwenza, una masharti wewe."

Mke mwenza ndiyo tunavyoitana. Babu yake marehemu alikuwa akimwita mke wangu mdogo tangu anabebwa mgongoni, basi mie na yeye tukawa wake wenza, na hatujaachana na utani huo hata baada ya mume mwenyewe kutangulia.

Ukurasa wa kwanza ulinitoa jasho. Kila kukiingia kitu kipya, wote unapotea. Simu inakuwa nyeupe, kiduara kinazunguka katikati, halafu ukurasa unarudi, lakini unarudi juu kabisa. Nilikuwa nasoma ombi la chini, najikuta nasoma la kwanza. Na kibaya zaidi ni pale ninapoandika. Mie naandika kwa kidole kimoja, polepole, herufi moja moja. Siku moja nilikuwa namuuliza mteja kama nyama ataleta mwenyewe au tununue sie. Nimefika kwenye "nyama", simu ikawa nyeupe. Iliporudi, maneno yangu hayapo.

Nikamwita. "Njoo uone hii simu ilivyomeza maneno yangu."

"Si simu, bibi. Ni ukurasa. Kukiwa na jipya unajipakia upya wote."

"Wote wa nini, na kilichobadilika ni kimoja?"

Akacheka. "Hiyo ndiyo kazi niliyopewa. Kubadilisha kimoja bila kugusa vingine."

"Basi ifanye."

"Si rahisi hivyo. Chukulia mkeka, bibi, umetoboka mahali pamoja..."

"Mkeka naujua. Niambie la simu."

Akakaa chini akaniambia la simu. Ukurasa ukishafunguka unatulizwa pale. Nyuma yake kuna kitu kinaiuliza ile mashine ya mbali inayotunza maombi: kuna jipya? Likiwepo, linaletwa hilo moja tu, linapachikwa mahali pake, na yaliyobaki hayajui hata kama kuna lililoingia. Nikamuuliza kama hayo maswali hayali bando. Akasema yanakula, ila kidogo kuliko zamani, maana zamani nilikuwa naletewa ukurasa mzima kila mara, na rangi zake na picha ya sufuria na maneno niliyokwisha kuyasoma. Hilo nililielewa vizuri, kwa sababu bando nanunua mie.

Alikaa na kazi hiyo siku nyingi. Alikuwa anakaa sebuleni kwenye jamvi, mgongo ukutani, kompyuta mapajani, feni inampepea upande mmoja. Akizama hasikii. Chakula kinapoa, chai inafanya utando. Mie si mtu wa kubembeleza, nilimgombeza siku mbili tatu, kisha nikaona nagombeza ukuta. Nikawa nakaa pembeni yake na sahani, namega tonge, nachovya kwenye mchuzi, nampelekea mdomoni. Anafungua mdomo bila kutazama, anatafuna, vidole havisimami. Alikuwa hivyohivyo wa miaka mitatu, ila wakati ule macho alikuwa anamtolea paka.

Siku ilipokuwa tayari akanikalisha kitandani na simu yangu, yeye akaenda uani kwenye banda la kuku na ya kwake. "Tazama hapo juu," akapiga kelele kutoka nje. Nikatazama. Simu haikuwa nyeupe, wala kiduara hakikuonekana. Ombi likashuka taratibu juu ya mengine, yote yakasogea kidogo kumpisha mwenzao, yakatulia. Lilikuwa limeandikwa: Naomba sufuria moja la kumchemshia mke mwenza wangu, ni mzee, ataiva polepole.

Akaja mbio mlangoni kuona uso wangu. "Vipi?"

"Umeweza kidogo," nikasema.

Alifurahi kama nimempa nyumba. Ananijua.

Baada ya hapo nikafanya jambo ambalo wakati ule niliona la maana. Nilitaka wale wa ofisini wakute watu wengi wanautumia, wasije wakasema ni mchezo wa bibi na mjukuu. Nikawatangazia majirani, na wanawake wenzangu wa darsa, na wateja wa zamani: kuanzia leo hakuna kunipigia simu wala kuja mlangoni kwa ajili ya chombo au mapishi, kila mtu apitie kwenye ukurasa. Mmoja akauliza, hata sie tunaokaa karibu? Nikasema hata kama nyumba zetu zinatazamana. Nililisema kwa sauti yangu ile, na watu wakatii.

Sasa, nyumba ya tatu kutoka kwangu anakaa shoga yangu. Tumejenga Pugu mwaka mmoja, tumechota maji kisima kimoja kabla bomba halijaja. Miezi hiyo alikuwa amefiwa na mumewe. Msiba tulipika sie, mie mwenyewe nilisimama na mwiko mpaka watu wa mwisho wakala. Akaingia eda. Eda nami niliikaa, naijua. Hutoki nje, umejifunika shuka jeupe, mchana hauishi. Kwa hiyo kila baada ya alasiri nilikuwa naenda kwake, nakaa naye mkekani, nammenyea chungwa, tunasema upuuzi wetu mpaka magharibi.

Halafu goti langu likavimba. Wiki nzima sikutoka. Binti alikuwa anashinda Kinondoni, anarudi amechoka, kwa hiyo salamu nilimpa mtoto wa nyumba ya jirani azipeleke. Nikajilaza mguu juu ya mto, simu mkononi, nafanya kazi yangu ya maombi.

Juu kabisa kulikuwa na mtu wa Madale anataka tukampikie sherehe ya mtoto wake kutimiza mwaka. Siku aliyotaja tulikuwa na harusi, na Madale kutoka Pugu ni safari. Nikasoma mpaka mwisho, nikapeleka kidole kwenye Hatuwezi. Kidole kilipogusa kioo niliona kama kuna kitu kimetikisika. Sauti haikutoka. Nikatazama, mtu wa Madale bado yuko palepale juu. Nikadhani sikubonyeza vizuri, vidole vyangu vimekauka, mara nyingine simu haivisikii. Nikabonyeza tena. Akaondoka. Nikaendelea na wengine.

Siku mbili tatu baadaye akaja mwenzangu mmoja tunayepika naye, kaniletea mihogo ya nazi. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, hakuvua hata ushungi.

"Goti vipi?"

"Linauma."

"Na roho?"

"Roho ina nini?"

"Nauliza tu. Mtu anayemkataa mjane arobaini ya mumewe, labda na roho nayo imevimba."

Nikamwambia aseme kitu kinachoeleweka. Akasema shoga yangu aliomba tumpikie arobaini, akajibiwa hatuwezi, na wanawe wameshachukua wapishi wa Gongo la Mboto. Mtaa mzima unajua. Yeye alikuwa amekuja kuona kama nimechanganyikiwa au nimekuwa mtu mbaya, maana ni lazima liwe moja.

"Sikumkataa. Ombi lake sijaliona."

"Limejibiwa, dada. Mie nimelisoma."

Mihogo nikaiacha. Nilitoka na goti lile lile, nimeshikilia ukuta wa huyu na uzio wa yule mpaka nyumba ya tatu. Nikapiga hodi. Ilichukua muda kuitikiwa. Nilipoingia alikuwa mahali pake, mkekani, mgongo ukutani, kajifunika shuka. Akamwambia mke wa mwanawe, "Mletee mgeni kiti."

Katika miaka yote ya Pugu sijawahi kuletewa kiti kwenye nyumba ile. Nilikaa kwenye hicho kiti, mguu nimeunyosha, nikawa namtazama kutoka juu kama karani wa mahakama.

"Mie sikupata ombi lako," nikasema.

"Nimejibiwa."

Mke wa mwanawe akaleta simu. Nikasoma kwa macho yangu. Samahani, hatuwezi siku hiyo. Jina la kikundi chetu chini yake.

"Kwa nini hukunipigia?"

"Si ulisema tusikupigie? Ulisema hata nyumba zikitazamana. Mie nikasema shoga yangu ana kazi na mjukuu wake, ngoja nimsaidie, nikamwambia huyu mkwe aniandikie. Dakika hiyohiyo jibu likaja. Hata kupumua hukupumua." Alikuwa anaongea bila kunitazama. "Tena wiki nzima hukuonekana."

"Goti."

"Mie ningejuaje habari za goti, na siwezi kutoka?"

"Nilituma salamu."

"Hazikufika."

Nikaaga, akaniitikia vizuri tu, kama unavyomwitikia mtu wa serikali ya mtaa.

Binti aliporudi nikamweleza yote, moja baada ya jingine. Alikuwa bado kasimama na begi begani. Akaniuliza swali moja: "Bibi, siku hiyo kuna mtu ulimbonyeza mara mbili?" Nikamwambia yule wa Madale. Akatoa simu yake, akachukua na yangu, akaziweka zote mbili kwenye jamvi. Ya kwake akatuma ombi, na hapohapo kwenye yangu akawa anashusha kidole. Akarudia. Mara ya tatu akaniita nitazame.

Ndivyo ilivyokuwa. Kidole changu kilikuwa njiani kwenda kwa mtu wa Madale. Ombi la shoga yangu likaingia wakati huohuo, juu kabisa, taratibu na uzuri wake wote, likamsukuma wa Madale chini, likakaa lenyewe chini ya kidole. Nikambonyeza. Akaondoka. Wa Madale akapanda tena mahali pake, nikamkuta pale kama hajaondoka. Ule ukurasa wa kwanza ungekuwa mweupe, ningeinua mkono nisubiri. Huu ulikuwa mpole, haukunistua.

Akaenda akakaa kizingitini, kaukumbatia mfuko wa kompyuta.

"Bibi, siendi kuwaonyesha."

Kuonyesha kulikuwa kumebaki siku chache.

"Huendi kwa nini?"

"Nitawaambia nini? Kitu changu kimemkataa mjane. Ningekuwa najua kazi ningeliona hilo kabla. Nimwambie baba nakuja, basi."

Nilitaka kumshika kichwa nikilaze hapa kifuani. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, naona misuko ya nywele aliyosuka mwenyewe, mmoja umepinda. Nikasema, "Vaa kanga. Chukua simu zote mbili."

Tukaenda nyumba ya tatu. Mie kiti nilikikataa, nikajishusha mkekani kwa tabu, goti likalia. Binti akapiga magoti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba," akasema shoga yangu, kavu.

"Bibi, hakukukataa yeye. Nimekukataa mie. Nikuonyeshe?"

Akampa simu yangu mkononi. Akamwekea maombi ya uongo matatu, akamwambia, "Huyu wa juu anaitwa Ndoo. Mkatae." Na ile simu nyingine akampa mke wa mwanawe, akamwonyesha wakati wa kutuma. Shoga yangu akavaa miwani. Akashusha kidole chake kwa uangalifu, kama anatoa mwiba. Ombi likaingia, likamsukuma Ndoo. Akabonyeza. Akatazama.

"Mbona Ndoo yupo?"

"Umemkataa mwingine, bibi. Aliyeingia sasa hivi."

"Sikumwona."

"Na yeye hakukuona," binti akasema, ananionyesha mie.

"Rudia."

Wakarudia. Safari hii alikusudia kuwahi, akawahiwa. Akarudia tena. Mara ya nne nikaona shuka linatikisika, kumbe anacheka, kiganja kakiweka mdomoni kwa sababu ya eda.

"Kwa hiyo umenikataa hata uso wangu hujauona."

"Sikuuona."

"Niliingia kwako bila hodi."

"Uliingia kama mwizi," nikamwambia.

"Mie hodi nilipiga. Hiyo simu yenu ndiyo haikuniacha mlangoni. Imenishika mkono ikanipeleka moja kwa moja chini ya kidole chako, ukanipondaponda." Akamgeukia binti. "We mtoto, inuka. Goti moja bovu linatosha humu ndani."

Nikakaa mpaka magharibi. Chungwa hakukuwa nalo, nikamenya ndizi.

Binti hakucheka na sie. Alikuwa ameniachia simu, kainamisha kichwa, na nilijua pale alipo hayupo. Tuliporudi akafungua kompyuta kabla hajavua kanga. Sikumwambia cha kufanya, maana sikijui. Nilikaa na sahani yangu pembeni, tonge kwa tonge.

Alichofanya ni hiki. Ombi jipya sasa haliingii lenyewe. Linakuja mpaka juu ya ukurasa, linakaa nje kwenye ufito mwembamba wa njano ulioandikwa Kuna ombi jipya. Vilivyo chini havisogei hata kidogo. Nikiwa tayari nagusa ule ufito, ndipo linaingia. Na nikibonyeza Hatuwezi, ukurasa unaniuliza mara moja kwa jina: unamkatalia fulani? Ndiyo, au hapana.

Hilo la mwisho nililipinga. "Inaniuliza kama mtoto."

"Itakuuliza, bibi."

"Nimekuwa mpishi kabla mama yako hajazaliwa."

"Na itakuuliza."

Akanitazama kwa macho ya babu yake, macho ambayo hayapandishi sauti wala hayaondoki. Nikaacha iniulize.

Arobaini ilifanyika kwa wapishi wa Gongo la Mboto, kwa sababu walishaahidiwa na si adabu kumwondoa mtu jikoni. Mie nilikwenda asubuhi kama jirani, nikajikalisha kwenye kigoda kumenya na kukata vitunguu. Mkuu wao ni mwanamke mdogo, hanijui. Akapita, akatazama beseni langu. "Bibi, kata vyembamba kidogo." Nikakata vyembamba. Shoga yangu alikuwa anaona kila kitu kupitia dirisha la chumbani kwake. Pilau lilipopakuliwa nikapelekewa sinia ndani nile naye. Karafuu zilikuwa nyingi. Akanitazama, mie nikatazama ukuta. Tukala.

Siku ya ofisini binti alivaa gauni la Idi. Alikuwa hajala. Nikamwekea maandazi kwenye mfuko, nikamwambia aende na mguu wa kulia, nikafunga mlango kabla hajaona uso wangu. Nikakaa na simu. Nyumba ilikuwa kimya. Niliingia chumbani kwake kufagia, nikakuta begi la safari limeshatolewa juu ya kabati, limefunguliwa, limewekwa kitandani tupu. Alikuwa amejiandaa kwa lolote. Sikulirudisha. Nilifagia chini yake nikatoka.

Saa sita kasoro simu ikaita, namba ya binti, lakini sauti ni ya mama mwingine, mtu wa bara.

"Shikamoo bibi. Mie ndiye mkuu wa ofisi anakofanya majaribio mjukuu wako. Yuko hapa mbele yangu."

"Marahaba. Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu kibaya. Nataka kumsikia anayetumia. Huu ukurasa unaupenda?"

"Siupendi. Naufanyia kazi."

Nikasikia watu wanacheka huko nyuma, akawanyamazisha.

"Nina swali bibi. Mambo mapya hayaingii yenyewe, mpaka uguse. Watu wengi wanapenda yaingie yenyewe, wasihangaike. Yeye anasema mlikuwa hivyo mkaacha. Kwa nini?"

"Watu wengi hawajamkataa mjane," nikasema, nikamweleza. Nilimweleza yote, na goti, na kiti, na Ndoo. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Nimeelewa," akasema. "Na mtandao ukikatika huko Pugu, ukurasa unakwambia?"

Nikafikiri. "Haunambii. Unakaa tu."

"Kwa hiyo unaweza kukaa unaona hakuna ombi jipya, kumbe yapo na hayajakufikia."

Hilo sikuwa nimeliwaza, na kwa ukimya niliousikia, binti naye hakuwa ameliwaza. Nikataka kumwambia yule mama kwamba mtandao wa Pugu haukatiki, lakini unakatika, na mie uongo siusemi hata kwa ajili ya mtoto.

"Unakatika," nikasema. "Hasa mvua ikinyesha."

"Asante bibi. Ndicho nilichotaka kujua."

Akakata.

Mchana ule niliuona mrefu. Nilipepeta mchele ambao ulishapepetwa. Nilimgombeza jogoo. Binti aliingia jua likiwa bado kali, viatu mkononi, maandazi yote yamo kwenye mfuko hakula hata moja. Akasimama katikati ya sebule.

"Alisema kuna kosa," akaanza.

"Nimelisikia."

"Akasema nilirekebishe nikiwa mezani kwangu. Bibi, amesema mezani kwangu. Naanza Jumatatu."

Nikamwambia akae ale. Akasema hana njaa, halafu akala maandazi manne mfululizo, akiongea na mdomo umejaa, jinsi meza ilivyo karibu na dirisha, jinsi yule mama alivyoandika swali la mtandao ubaoni ili wote waone. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, namfumua ule msuko uliopinda, nausuka upya. Hakuniuliza kwa nini.

Alipokwenda kuoga nikampigia baba yake Masasi.

"Dukani tafuta mtu," nikamwambia. "Huyu haji."

"Wamemchukua?"

"Wamemchukua."

"Na wewe mama, umefurahi?"

Nikamwambia dakika zangu zinaisha, nikakata. Zilikuwa bado nyingi.